Marahaba ya Chumba cha Tatu

Kabla sijamwona Bwana Bakari, niliisikia sauti yake ikipenya ukutani: "Marahaba." Sauti nzito ya mtu mwenye homa. Sikuisikia tena.

Asubuhi ile nilikuwa nimetoka Tanga. Wenzangu wa kikundi cha waandishi walinialika nije Dar kusoma sura ya kwanza ya riwaya yangu, nami nilipanda basi nikiamini Bongo nzima inanisubiri mimi.

Kuanzia Chalinze, mvua. Nilipofika Kariakoo maji yalikuwa magotini. Maduka yamefungwa, maboksi ya viatu yanaelea, na sanamu moja ya kuvalishia nguo ilipita kifudifudi katikati ya mtaa.

Kwenye nyumba ya wageni, mwenyeji wetu Bi Rehema alinivuta ndani. "Ingia mwanangu, umelowa kama dagaa!" Akafunga mlango wa chuma, akaupangia viroba vya mchanga. "Hatoki mtu, haingii mtu, mpaka maji yashuke."

Wageni tulikuwa wanne. Bwana Bakari, mtu wa makamo, alikuwa amelala mgonjwa chumba cha tatu. Mzee Shomari, mvi kichwa kizima, alikaa ukumbini na tasbihi. Na Idi, machinga wa soksi, kijana asiyenyamaza.

"Dada, mambo?"

"Poa."

"Poa gani, meno yanagongana! Vaa hizi." Akanipa soksi moja nyekundu, nyingine kijani. "Wenzao wamesombwa na maji."

Alasiri nilikuwa jikoni na Bi Rehema, tunamenya viazi, ndipo tuliposikia mtu akigonga mlango wa chumba cha tatu na kusalimia kwa sauti ya chini, kisha ile "marahaba". Uji ulipoiva, Bi Rehema akampelekea mgonjwa. Nilisikia bakuli likivunjika. Bwana Bakari alikuwa amenyongwa kwa kamba ya chandarua.

Bi Rehema hakuhitaji muda. "Ameitikia marahaba, basi aliyeingia ni mdogo kwake. Wewe ulikuwa nami. Mzee ana mvi. Amebaki nani?"

Idi alicheka, akidhani utani. "Mama, mimi nilikuwa nimelala! Mbona hata simjui?"

"Hata mimi simjui marehemu," Mzee Shomari akasema. Akafungwa mikono kwa kanga.

Jioni nilimkuta Mzee Shomari ameegemea mlango wa chumba cha tatu. Alikuwa akinong'ona, "Pumzika, mjomba."

"Mjomba?" nikauliza. "Si ulisema humjui?"

"Mama yangu ndiye dada yake mkubwa. Bakari kazaliwa mimi naota ndevu. Lakini mjomba ni mjomba. Nimemwamkia tangu yuko kwenye mbeleko."

"Basi aliyeingia ni wewe."

Alizungusha tasbihi. "Aliiuza nyumba ya mama yangu, mama akiwa bado yumo ndani. Mama alifia barazani kwa jirani."

"Na Idi je?"

"Nenda kawaambie, binti. Nani atakusadiki?"

Nilimwambia Bi Rehema. Alinitazama kwa huruma. "Mzee mzima amwamkie mtu wa makamo? Hizo riwaya zako, mwanangu, zitakutia wazimu." Nikamweleza habari ya ujomba. Akamtazama mzee aliyekuwa anatawadha, akatikisa kichwa. Nadhani alinielewa. Nadhani aliogopa kuelewa.

Asubuhi maji yaliposhuka, polisi wakaja. Walimchukua Idi kwa neno la Bi Rehema, mimi hawakuniuliza. Mzee Shomari alisema anakwenda kuwaarifu ndugu wa marehemu, akavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, hatukumwona tena.

Siku ya kurudi Tanga nilipita kituoni kwanza. Sikuwa nimesoma sura yangu kwa mtu yeyote. Askari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo mjomba na mpwa wake, nani mwingine anaushuhudia undugu wao?" Sikuwa na jina la kumpa.

Walimleta Idi. Jicho moja limevimba.

"Dada, umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Sasa natoka?"

Nilisafiri kutafuta watu wa kunisikiliza. Nilichojifunza Kariakoo ni kwamba neno la adabu, tunalofundishwa kabla hatujajua kufunga vifungo, linaweza kumfunga mtu, na ukweli ukija nyuma yake unakuta nafasi imeshajaa.

"Idi," nikasema, "hawajanisadiki."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa. Askari akamshika bega, wakaingia ndani, na mlango ukafungwa.