Chupa Ikifunguliwa Lazima Mtu Ainywe

Sisimizi waliacha sukari mezani wakapanda kwa suruali ya mtoto wangu.

Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa natoka kukamua ng'ombe asubuhi, nikakuta msururu umetoka ukutani, umepita chini ya meza yenye kopo la sukari, kopo wazi, na wao hata hawakugeuka. Walienda moja kwa moja hadi pale Weldon alikuwa ametundika suruali.

Nyuma ya nyumba, mahali anapokojoa akiona uvivu wa kwenda chooni, walikuwa wamejaa hadi udongo ulionekana unatembea.

Nilimwaga majivu. Jioni wakarudi.

Naitwa Muhonja. Ni mjane, nakaa ndani kidogo ukitoka Khayega. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mahali mnisamehe. Lakini kuangalia najua. Mimi huangalia kwanza, maneno baadaye.

Na siku ile niliangalia nikaogopa.

Weldon ndiye mtoto nimebaki naye. Dada zake wameolewa mbali. Baba yake aliondolewa na chang'aa, tulimzika akiwa amebaki mifupa na jina. Pale kando ya jeneza Weldon alisimama mbele ya watu akasema, "Mama, mimi pombe sitaonja. Mungu ndiye shahidi."

Na hakuonja.

Alinunua pikipiki akaanza boda boda hapo Khayega. Wenzake wakifunga kazi wanatafuta pombe ya busaa, yeye anaenda kioski. Soda nyeusi, ile chupa kubwa ya plastiki, na nusu mkate. Mchana tena. Jioni, ile ya machungwa. Stejini, pale wanapongojea abiria, wakampa jina: Shemasi wa Soda.

"Shemasi, leo umebatiza ngapi?" Mukhwana, rafiki yake wa steji, alikuwa anamchekanga.

"Nne. Na bado kiu iko."

"Wewe ukidungwa mwiba itatoka povu!"

Mimi nilicheka nao. Mama gani wa kwetu atalia eti mtoto wake anakunywa soda? Kwetu sisi tuliookoka, hicho ndicho kinywaji cha wokovu. Harusi, soda. Matanga, soda. Mgonjwa akilala, wamama wa kanisa wanamletea soda, wanasema inaongeza damu.

Na mchungaji akija kuombea nyumba, hapo hakuna mjadala.

Unatandika kitambaa. Unaweka chupa ikiwa imefungwa. Unaifungua mbele ya macho yake, aone hujatia kitu. Akiikataa, ni kama amekuita mchawi. Na ikishafunguliwa, dukani hairudi. Lazima mtu ainywe.

Weldon ndiye alikuwa anambebanga Mchungaji Shikanga kwa hiyo pikipiki. Nyumba kwa nyumba, mpaka Shinyalu, mpaka Bukura. Hakumlipisha. "Hiyo ni kazi ya Mungu, Mama."

Kuna kitu nilikuwa naona hata kwangu. Mchungaji anapokea chupa kwa mikono miwili, anaigusisha midomo, anashukuru, halafu anamsogezea Weldon.

"Kijana wa kazi, nisaidie na hii. Mimi nimefunga."

Nikasema moyoni, huyu ni mtumishi kweli. Kila nikimwona amefunga.

Shida ilianza na mguu.

Ekzosi ya pikipiki ilimchoma Weldon hapo kwa muundi. Kila mtu wa boda ana hilo kovu. Lake likakataa kuwa kovu. Likakaa bichi, likaanza kunuka.

Halafu akaanza kukonda. Weldon ambaye shati lilikuwa linagombana na vifungo, sasa anatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari.

Na kiu. Anakunywa, anaenda kukojoa, anarudi, anakunywa tena.

Halafu wakaja sisimizi.

Nilimwambia Jescah, kiongozi wa wamama kanisani kwetu. Akashika kifua.

"Muhonja! Hao si sisimizi. Hao wametumwa."

"Na nani?"

"Kuna watu wanaona hiyo pikipiki inawauma macho. Kwani baba yake alikufa na nini?"

"Na chang'aa. Si ulikuwa hapo?"

"Hiyo ndiyo tuliambiwa," akasema, akatingisha kichwa.

Wakaja wamama wa kanisa, mchungaji mbele. Nikawapeleka nyuma ya nyumba. Wamama wakaanza kukemea kwa sauti, wengine wanakanyaga chini kwa miguu.

Mimi nilikuwa namwangalia mchungaji, nione kama ataogopa.

Yeye hakukemea. Aliinama, akawatazama wale sisimizi muda mrefu. Halafu akafuta jasho, na kulikuwa na baridi.

"Tuombe," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Ikaamuliwa Weldon afunge chakula. Obusuma, ugali wetu, hapana; ingokho, kuku, hapana. Ila asiishiwe nguvu, anywe soda. Kila mama aliyekuja alikuja na chupa, tukazipanga dirishani kama duka.

Nikawa nakaa kando ya kitanda, naangalia.

Akinywa, macho yanaamka kidogo. Halafu anazama. Na kila akizama anaenda chini kuliko mara ya kwanza.

"Jescah, mimi naona hii soda haimsaidii."

"Unataka afe na njaa?"

"Nataka nimpeleke hospitali."

"Kwani sindano inatoa pepo? Dada, imani yako imeenda wapi?"

Nikamgeukia mchungaji. "Baba, wewe unasema nini?"

Aliangalia viatu vyake. "Mama Weldon... hospitali si mbaya... lakini tuombe kwanza."

Tukaomba kwanza.

Mchana mmoja jua likiwa kali, Weldon alinishika mkono akasema, "Baba, toa pikipiki kwa mvua."

Hakukuwa na mvua. Na baba yake yuko kaburini hapo nyuma ya migomba.

"Weldon, ni mimi. Ni mama."

Kimya. Nikamfinya. Kimya. Midomo ilikuwa imepasuka kama matope ya kiangazi, na huyu mtu amekunywa chupa za kanisa nzima!

Nilianguka magoti. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, "Mungu, huyu hapana. Ulichukua baba yake nikanyamaza. Huyu hapana."

Nikasimama, nikampigia Mukhwana simu.

Alifika na pikipiki inalia. Akamwona Weldon, uso ukambadilika.

"Mathe, huyu tunamfunga katikati yetu. Leta leso."

Tulimfunga, mgongo wa Mukhwana mbele, kifua changu nyuma. Jescah alikuwa amesimama kwa geti, mikono ameinua.

"Ukimtoa katikati ya maombi, damu yake iko juu yako!"

"Basi iwe juu yangu. Toka kwa njia."

Njia yote hadi Kakamega kichwa chake kilikuwa kinaanguka begani kwangu. Kila tuta, niliweka sikio puani nisikie kama bado anapumua. Nilimwita jina mpaka sauti ikakauka. Hakuitika hata mara moja.

Hospitalini sista alimdunga kidole, akaweka damu kwa kimashine kidogo. Akaangalia. Akadunga kidole kingine.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika, Mama. Sukari yake imepita mahali hii mashine inajua kuhesabu. Anakunywanga nini?"

"Soda tu. Pombe hagusi, Sista. Ameokoka."

Akainua macho. "Nani alikwambia soda imeokoka?"



Walipomwekea Weldon maji ya mshipa, sista alirudi akaniketisha. Akaniambia chupa ndogo tu ina sukari karibu vijiko vinane. "Wewe ungemtilia mtoto vijiko vinane kwa kikombe cha chai?"

"Singeweza."

"Sukari ikijaa kwa damu, mwili unaitoa na mkojo. Ndiyo hao sisimizi. Maji yanatoka nayo, ndiyo hiyo kiu. Na yeye kiu anaizima na sukari ingine. Mama, mlikuwa mnazima moto na mafuta ya taa."

"Ni soda imempa huu ugonjwa?"

"Wengine wanao kwa ukoo. Uzito pia unachangia. Lakini soda za kila siku zilimsukuma, na hizi za maombi zikamwangusha."

"Na mguu?"

Hapo ndipo sista aliniacha, akaenda kumwita daktari.

Weldon alikaa hajui dunia mpaka nikaanza kufikiria pa kuchimba kaburi. Halafu asubuhi moja akafungua macho. Akaomba maji. Maji tu! Nililia mpaka wagonjwa wengine wakanyamaza.

Furaha haikufika hata mchana. Daktari alifungua bandeji, akasema mguu umeoza hadi ndani, utakatwa chini ya goti kesho yake.

Weldon hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mama, sasa nitabeba watu na nini?"

Nikatoka nje nisilie mbele yake. Sista akanipa karatasi niende nichukue dawa, dirisha la watu wa sukari. Kulikuwa na laini, wengine wamekaa kwa benchi.

Viatu niliviona kabla ya uso. Vile vyeusi, vilivyokuwa vinaangaliwa siku ile nilipouliza swali.

Amevuta kofia hadi kwa nyusi.

"Mchungaji? Umekuja kumwona Weldon?"

"Eeh... ndiyo, Mama... nilikuwa..."

Mlango ukafunguka, sauti ya daktari ikaita. "Shikanga! Ingia. Na leo usiniambie tena ulisahau kujidunga sindano."

Alisimama nusu, akakaa tena. Nikakaa karibu naye. 

"Una sukari."

"Tangu kabla mume wako afe."

Nikaziona zile chupa zote. Shinyalu. Bukura. Kwangu, juu ya kitambaa changu mwenyewe.

"Hukuwa umefunga."

"Hapana."

"Ulikuwa unamnywesha yako."

"Ilikuwa imeshafunguliwa, Mama. Ningeikataa aje? Ningewaambia nini watu, mimi ninayewawekea mikono wapone?"

"Na sisimizi?"

Alifunika uso na kofia. "Nilijua. Hata kwangu walikujanga."

Alijua. Alisimama pale na jasho lake, na alijua, na akasema tuombe.

"Usiseme kanisani," akasema chini chini. "Nakuomba, Mama Weldon."

  Nilichukua dawa nikarudi wodini.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, wamama wakaingia wakiimba polepole. Jescah ndiye alikuwa na kikapu. Mchungaji alikuwa nyuma yao, kofia mkononi, kama mtu aliyeshuka sasa hivi kutoka Khayega.

"Haleluya, Weldon! Mungu ametushindia!" Jescah akasema. "Tumekuletea ya kuongeza damu."

Akafungua moja, akaweka kando ya kitanda. Akafungua ya pili, akampa mchungaji.

Mchungaji akaipokea kwa mikono miwili. Akaigusisha midomo. Akashukuru.

Na mimi naapa, mkono wake ukaanza kwenda kwa Weldon. Wenyewe. Ulikuwa umezoea.

Weldon naye akanyoosha wake kupokea. Alimpenda sana huyo mtu.

"Mchungaji," nikasema. "Leo kunywa yako."

Jescah akacheka. "Ai, Mama Weldon, si unajua baba amefunga?"

"Kunywa, Mchungaji."

  Weldon ananiangalia mimi, anaangalia yeye.

Mchungaji aliiweka chini. Akachomoa shati kutoka kwa suruali, mbele ya wamama wote wale, akaonyesha tumbo. Lilikuwa na vidoa vidoa, na mahali pengine nyama imekuwa ngumu.

"Hizi ni sindano," akasema. "Mimi ni mgonjwa wa sukari, na niliwaficha. Soda zote mlizonipa, alizinywa huyu kijana."



 Nilingoja Weldon amlaani. Hata mimi nilikuwa nimeshaandaa laana yangu, Mungu anajua.

"Mchungaji," Weldon akasema, "si ungeniambia tu? Ningekuwa naimwaga nje."

Yule mzee alikaa sakafuni, hapo hapo, akalia kama mtu aliyefiwa.

Mguu ulikatwa. Mtoto wangu yuko hai, anajifunza kutembea na magongo, na pikipiki anaendesha Mukhwana. Mchungaji alirudia maneno yale Jumapili, madhabahuni. Watu wengine wamehama, wanasema mgonjwa ataombeaje wagonjwa. Mimi nimebaki. Siku zingine namsalimia, siku zingine siwezi.

Weldon ndiye ameniambia niandike haya kwa simu yake, niweke hapa.

Wewe unayesoma na chupa iko mkononi, sikupigii mahubiri. Pombe ilipomchukua baba yake tulimwona akiyumba, tukajua. Soda haikumyumbisha mtoto wangu hata siku moja. Alitoka nayo kanisani, akarudi nayo nyumbani, na sote tukasema asante Mungu. Iache ukiwa na miguu yako yote. Ukisikia kiu isiyoisha, ukiona kidonda kinakataa kupona, kapimwe kwanza. Maombi yatakukuta huko huko kwa laini.

Na mgeni wako akisema soda hanywi, usimuulize anakuogopea nini. Mletee maji.