Mia Nane Sabini Haiingii Kwa Kumi na Sita

Mimi herufi sijui. Nambari ndio najua, na nazijua sawasawa, kwa sababu nimeuza mahindi na maharagwe kwa soko hapa Nakuru tangu nikiwa na meno yote. Gunia ni kilo tisini. Gorogoro, ile mkebe ya kilo mbili, inatoka mara arobaini na tano kwa gunia kama hujaibiwa. Na utaibiwa. Kuna wale wanagonga mkebe mpaka kitako kinaingia ndani, na kuna wale wanapima na vidole vinne ndani ya mahindi, unabeba hewa ukifikiri umebeba chakula. Mimi nikiona mkebe kwa mbali najua imegongwa. Hakuna mtu amewahi kunidanganya na kipimo. Hiyo ndio ilikuwa shida.

Kitu ingine najua ni sauti za watu. Nitakutolea sauti ya pasta wetu, "Wapendwaaa! Geukia jirani yako umwambie, jirani!" Nitakutolea askari wa soko, "Mama, risiti. Mama. Mama, nimesema risiti." Watu wanaacha kununua wanacheka. Mzee wangu, yule alinioa, peke yake ndio sikuweza. Miaka arobaini na tatu kwa nyumba moja pale mtaa wa Section 58, na sikuweza. Alikuwa anaongea chini, polepole, na mwisho wa maneno kunatoka kafilimbi kadogo, kwa sababu ya jino moja ilingʼoka akiwa kijana. "Haya, jaribu yangu," ananiambia. Najaribu. "Huyo ni mbuzi," anasema, anaendelea na chai yake.

Alikufa mwaka juzi. Sauti yake ikabaki kwa simu yangu, video moja tu. Tumekaa nyuma ya nyumba, anapukuchua mahindi, na mimi nimeshika simu vibaya mpaka kidole yangu imeziba upande mmoja. Anasema mahindi imelowa. Anatukana kuku ya jirani. Muda mrefu unasikia tu punje zikianguka kwa karai. Halafu ananiangalia: "Wewe, weka hiyo kitu chini uje unisaidie." Basi. Ni hiyo tu. Kila asubuhi kabla niende soko nilikuwa naiweka nasikiliza, halafu najaribu na mdomo wangu. Nilikuwa nimeanza kukaribia.

Sasa simu ikaanza kusema imejaa. Ukitaka kupiga picha, mara inakubali, mara inakataa. Inazima yenyewe, inajiwasha ikitaka. Nikampigia msichana wangu, yule anakaa Kiamunyi, yule anaongea kama mwalimu hata kama unamwomba chumvi. "Mum, sikiza. Hiyo video ya baba ni kubwa, WhatsApp itakataa kuituma. Ifinye kwa muda, utaona ukubwa wake. Peleka kwa fundi akuwekee kwa memori kadi. Umenisikia, mum? Rudia nimesema nini." Nikarudia, na sauti yake mwenyewe, akanikatia simu.

Nikafinya. Nikaona nambari: mia nane na sabini. Baada yake kulikuwa na herufi mbili, lakini herufi ni za wenyewe.

Fundi wa simu ako kwa kibanda kidogo kando ya barabara ya soko, kijana wa kofia, hakuangalii usoni akiongea, anaangalia simu tu. Akafungua yangu, akaitikia na kichwa. "Mathe, hii ni rahisi. Niko na kadi ya kumi na sita, itakutosha wazi."

"Kumi na sita?"

"Kumi na sita, mathe."

"Na mzee wangu ni mia nane na sabini."

"Eeh. Ataingia, na nafasi ibaki mob, ibaki kubwa."

Nikamwangalia. Nikaangalia hiyo kadi yake, ndogo kama ukucha ya kidole cha mwisho. Nikaona kitako cha mkebe kimegongwa. Nikamwambia, "Kijana, mimi nimepima mahindi kabla mama yako akujue. Mia nane sabini uitie kwa kumi na sita? Utamwaga mzee wangu huko chini!"

"Mathe, hiyo yako ni mega. Hii ni giga."

"Mega, giga! Unaita kuku?"

Akajaribu tena. Hiyo ni lazima niseme, alijaribu. "Giga ni kubwa, mathe. Giga moja ni mega nyingi." Lakini mimi nishasikia maneno kama hayo kwa soko: hii ni kilo ya Njoro, mama, kilo ya Njoro ni kubwa. Nikachukua simu yangu nikatoka nikitembea kama mtu ameshinda kesi.

Kufika kwa meza yangu, nikaanza. Nikavuta kofia ya mtu nikavaa, nikainamisha kichwa, "Mathe, mathe, nafasi itabaki mob, mathe." Wanawake wakalala juu ya magunia. Jirani yangu wa maharagwe, mama mkubwa hivi, machozi ikamtoka. "Ngoja nikurekodi," akasema, "leta simu yako unifungulie kamera." Nikamfungulia simu yangu, akanirekodi. Ile nafasi kidogo ilikuwa imebaki, niliijaza na fundi. Mega, giga, unaita kuku. Hapo katikati simu ikazima.

Nikasema itajiwasha. Ikajiwasha kweli, ikatoa ile alama yake, alama ikazunguka, ikazunguka, haifungui. Nikaizima, nikaiwasha. Inazunguka. Nikakaa nayo mpaka soko ikafungwa, inazunguka kwa mkono yangu kama kuku amekatwa kichwa.

Msichana wangu alikuja Jumapili. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mum, si ungenipigia ukiwa pale kwa fundi," na sauti ikawa ya mtoto, si ya mwalimu, na hiyo sijawahi kuiiga.

Tukarudi kwa fundi sisi wawili. Nilidhani atanicheka, na ningemkubalia. Akaichukua, akaiweka waya kwa kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale. Halafu kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni.

"Shosh," akaniita, kama nyanya yake, "ilijaa kabisa ikashindwa kuamka. Naweza kuiwasha, lakini lazima niipanguse yote. Kila kitu."

"Na mzee?"

"Ataenda na zingine."

"Hakuna vile unaweza kumtoa kwanza?"

"Nimejaribu hapa vile najua. Hii aina haifunguki. Pole, shosh."

Nikamwambia sasa anieleze hiyo mega na giga, na safari hii nitasikiza. Akafikiria, akaangalia leso yangu vile imejaa vumbi ya mahindi. Akasema, "Chukua mega ni gorogoro. Giga ni gunia. Lakini gunia ya simu ni kubwa, inaingia gorogoro elfu moja na ishirini na nne."

"Elfu moja inatosha. Hiyo ishirini na nne ni ya nini?"

Akakuna kichwa. "Ndio vile wanapima."

"Ni ya juu," nikamwambia. "Ni ile unajaza mkebe halafu unaongeza mpaka ifanye mlima."

"Sawa, shosh. Ni ya juu."

Kumbe ilikuwa kipimo ya haki. Ilikuwa hata na nyongeza. Mzee wangu na mahindi yake na kuku ya jirani hakuwa amefika gunia moja, na yule kijana alikuwa ameniwekea magunia kumi na sita, tupu, yananingoja. Mimi, mwenye kuona mkebe kwa mbali.

Fundi akauliza aipanguse ama aiache. Msichana wangu akaangalia chini. Nikasema wacha. Nikaichukua vile ilivyo, haiwaki, haisemi, na yeye yuko ndani.

Huwa nakuja nayo soko, iko kwa mfuko wa aproni pamoja na chenji. Watu wananiambia, "Tutolee fundi, shosh!" Nasema koo imekauka. Juzi hakukuwa na wateja, nikajaribu. Nikaongea chini, polepole, nikaweka ulimi pale kwa pengo yangu kutafuta ile filimbi. "Wewe, weka hiyo kitu chini uje unisaidie."

Jirani wa maharagwe, ambaye mzee wangu alikuwa anampimia mahindi miaka na miaka na sauti yake anaijua, akaacha kupepeta akanigeukia.

"Huyo ni nani sasa?"

Nikamwambia ni mbuzi.