Kobe Aliyekataa Shikamoo

Likizo ya siku mbili ilitupeleka kwa boti kutoka Bagamoyo hadi kisiwa chenye kobe wakubwa. Mtembezaji wetu akatuonyesha mmoja: "Huyu kavuka miaka mia."

Mama mmoja wa Mlingotini, tuliyekuja naye, akaweka kanga yake sawa, akainama. "Shikamoo, babu."

Kobe akaingiza kichwa ndani.

"Mpe jani, mama," mtembezaji akamwambia, akimkabidhi moja kutoka kwenye ndoo.

"Simpi! Mtu mzima anaamkiwa, haitikii?" Jani akalirudisha kwenye ndoo.

Nilicheka mpaka machozi. Jumatatu, kwenye ofisi moja, nikamwamkia karani mwenye mvi. Akainamia simu yake, kisha akanyoosha mkono kutaka fomu yangu.

Mama yule alirudisha jani. Mimi fomu niliitoa, tena kwa mikono miwili.