Masale Yaliyonyooshwa

Mwalimu yule alipokuja kwangu mara ya kwanza nilidhani anatafuta maziwa, maana walimu wengi wa sekondari yetu ya kata huchukua maziwa kwangu. Aliniamkia, "Shikamoo mama," akakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, akasema anataka wanafunzi wa kidato cha tatu wawe wanakuja kihambani kwangu, shamba langu la nyumbani, kila Jumatano, wajifunze.

"Wajifunze nini?" nikamuuliza. "Hapa kuna migomba, kahawa na ng'ombe wawili."

"Hayo hayo, mama."

Alikuwa binti wa Singida, anafundisha jiografia, amepanga chumba Soweto, kule Moshi mjini, na anapanda huku mlimani kila asubuhi na sweta lake. Alisema watoto wanakariri mmomonyoko wa udongo darasani, na njiani wanapita juu ya huo mmomonyoko wakiwa na viatu vya matope. Hilo nililielewa. Mengine aliyoeleza sikuyaelewa sawasawa, na sitaki kuandika hapa kana kwamba niliyaelewa. Mimi niliishia la saba. Nadhani nilikubali kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kwangu kuna kitu cha mtu kujifunza. Sijui kama hiyo ni sababu nzuri ya kukubali jambo.

Tukazunguka pamoja nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi. Baba mmoja mwenye mashine ya kusaga alitusikiliza mlangoni, hakutukaribisha ndani.

"Nimempeleka mtoto shule aachane na jembe," alisema. "Nyie mnamrudisha kwenye jembe, tena la mtu mwingine? Hiyo si elimu, hicho ni kibarua cha bure."

Mwalimu alimjibu kwa heshima, akaeleza upya tangu mwanzo. Sikuona kuwa yule baba amekosea kabisa, na hata leo sioni.

Aliyetusaidia zaidi ya wote ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Anaishi kihamba cha pili, tumepakana. Yeye ndiye anayesimamia zamu za maji kwenye mfereji wetu, na alikubali kuwapandisha wanafunzi hadi kule maji yanakochukuliwa mtoni. "Ila wasinikanyagie magimbi," alisema. Halafu akacheka. "Mwalimu, hawa watoto wa tambarare wakionja baridi yetu watarudi wenyewe kabla ya saa nne."

Hawakurudi. Karibu nusu yao walitoka huko chini kwenye mashamba ya miwa, wazazi wao ni watu wa mikoa mingine waliofuata kazi. Kulikuwa na Jumatano nzuri. Msichana aliyekuwa akimkimbia ng'ombe alifika mahali akamkamua. Kulikuwa na mbaya pia: mvua ikinyesha wanajazana jikoni kwangu wanachezea simu, mwalimu anahangaika kuwafundisha katikati ya moshi wa kuni. Naandika zote mbili. Kwa jumla, nilizisubiri Jumatano. Nyumba yangu ilikuwa kimya tangu mume wangu afariki.

Sasa nieleze mpaka. Kati yangu na shemeji kuna mstari wa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo kwetu Wachagga ndiyo ukuta na ndiyo hati. Baba mkwe aliyapanda mwenyewe alipowagawia wanawe. Hakuyapanda kwa kunyoosha. Mahali pengine yaliingia kwangu, mahali pengine yalitoka, ili kila mtoto apate mdomo wa mfereji na kila mmoja abaki na kahawa aliyoipanda. Mtu asiyejua angeona ni uzembe.

Jumatano moja mwalimu aligawa wanafunzi makundi mawili. Moja akapanda nalo mferejini pamoja na shemeji. La pili likabaki kupalilia pembezoni mwa mpaka. Mimi nilikuwa jikoni napika machalari, ndizi na nyama, ya kuwalisha wote. Niliwasikia wakicheka. Nikasema moyoni, leo wana furaha.

Msichana yule wa ng'ombe akaja kunivuta mkono. "Bibi, njoo uone! Yalikuwa yamekaa kilevilevi. Tumeyanyoosha!"

Walikuwa wamefunga kamba kwenye vigingi viwili, huku na huku, wakang'oa masale yote yaliyokuwa nje ya kamba, wakayapanda upya kwenye mstari. Walikuwa wameyapunguza majani na kuyamwagia maji. Kazi safi. Sijawahi kuona mpaka mzuri namna ile.

"Kwetu mashambani mstari wa miwa ukipinda tu, baba anafokewa," alisema mvulana mmoja, anajifuta jasho.

"Mashimo ya zamani yako wapi?" nikauliza.

"Tumeyafukia, bibi. Mtu asije akavunjika mguu."

Watoto wa huku mlimani walikuwemo pia kwenye kundi lile, wawili au watatu. Sijui kwa nini hawakusema kitu. Labda walisema wakazidiwa. Labda nao hawajui tena.

Shemeji akashuka na mwalimu, wanazungumza, anamwonyesha kitu kwa fimbo. Akafika, akasimama. Hakupiga kelele. Aliuangalia mstari mwanzo hadi mwisho, kisha akaniambia kwa Kichagga kwamba nimepata watoto wengi wa kunifanyia kazi.

"Kuna nini?" mwalimu akauliza.

Kwa haki niseme nilichokiona. Upande wa juu mstari mpya ulinipunguzia kidogo. Upande wa chini, penye udongo mzuri, uliingia kwa shemeji zaidi ya hatua moja. Mimi mjane, ardhi yangu ilikuwa imekua bila kushika jembe. Ningekuwa yeye, ningefikiri alivyofikiri.

"Tuyarudishe," nikamwambia shemeji.

"Tuyarudishe wapi? Nikikuonyesha mimi, utasema nimeongeza."

Tulijaribu hata hivyo, kesho yake, tukiwa wawili tu. Yeye akachomeka kijiti, mimi nikachomeka changu. Havikukaa pamoja hata sehemu moja. Siamini kwamba alidanganya. Na mimi sikudanganya, ingawa kadiri nilivyotazama ule udongo uliofukiwa, ndivyo nilivyozidi kutojua.

Habari zikapanda na kushuka. Mkuu wa shule akaita kikao, tukakaa wazazi na wenyeji kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yanagonga mbao. Baba wa mashine ya kusaga alikuwa mbele. "Si nilisema?" alianza, kabla hajaulizwa. "Leo mpaka, kesho mtakuta wamehamisha kaburi."

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Aliposimama alisema, "Watoto si wabaya. Na sijaomba mradi ufungwe. Nataka kujua tu nani aliwaambia wang'oe."

Mkuu akanigeukia. "Mama, wakati wanang'oa, mwalimu alikuwa wapi?"

Mwalimu alikuwa amekaa karibu na ubao, anatazama viganja vyake.

"Alikuwa juu mferejini," nikasema, "na kundi lingine."

Kelele zikaanza. Nikaendelea. Nikasema kwamba mwalimu aliomba apewe mwenzake wa kumsaidia, na hakupewa. Nililisema, nina hakika nililisema, lakini wakati huo kila mtu alikuwa anaongea na jirani yake.

"Kwa hiyo watoto walikuwa peke yao na majembe na mapanga," mkuu akasema.

"Nilikuwepo mimi. Jikoni."

"Wewe si mwalimu, mama." Hakulisema kwa dharau. Alieleza kwamba mtoto akikatika kidole ni yeye atakayeitwa Moshi kujieleza, na hilo ni kweli. Mradi ukafungwa hapo hapo. Kidato cha tatu warudi darasani Jumatano kama siku nyingine.

Jumatano iliyofuata nilijikuta nimemenya ndizi nyingi kupita kiasi.

Mwalimu alikuja jioni moja muhula ulipokaribia kwisha. Nilimpa maziwa ya moto. Aliniambia ameomba uhamisho arudi kwao, na hana kinyongo. Akanywa. Nje shemeji alikuwa anakohoa upande wake wa masale. Siku hizi hakuna anayeyagusa, na hatuamkiani mpaka tukutane kanisani.

"Nikuulize kitu, mama," akasema. "Mkuu alipokuuliza nilikuwa wapi, ungeweza kusema hukuona? Ulikuwa jikoni."

"Ningeweza."

"Mbona hukusema?"

Nilitaka kumjibu kwamba nililelewa kusema kweli. Ni jibu zuri, na watu wangelikubali. Lakini aliniuliza kwa upole mno, nikashindwa kulitoa.

"Shemeji alikuwa ananitazama," nikamwambia. "Ardhi ilikuwa imeongezeka upande wangu. Ningeficha jambo moja pale, hata dogo, nani angeniamini kwamba mpaka si mimi niliyeuhamisha?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajitetea."

"Inawezekana, mwanangu. Nimelifikiria sana, sipati mwisho wake."

Alisuuza kikombe mwenyewe, akakifudikiza kwenye kichanja. Akavaa sweta lake. Mlangoni akageuka.

"Mimi ningesema sikuona," alisema. "Kwa ajili yako, ningesema."

Nilimwamini. Nilisimama pale mlangoni nikamtazama akishuka hadi akapotea kwenye migomba.