Karatasi Iko Wapi

Fundi viatu wa mtaa wetu tulimwita Gazeti, na si kwa sababu ya umbea. Umbea tulikuwa nao sisi wengine, yeye hakuwa na muda. Kibanda chake cha mabati kiliegemea duka langu la fotokopi, ukuta wetu mmoja, akipiga nyundo kwake kalamu zinaruka kwangu. Viatu vilivyokwisha kushonwa alivijaza magazeti ya zamani visikunjamane, na hapo ndipo mambo yalipoanzia, maana kabla ya kuyafinyanga aliyasoma. Shule aliiachia darasa la nne. Lakini gazeti lina kile kipembe cha mambo ya ajabu, jirani na matangazo ya vifo, na kipembe kile kilimsomesha kuliko walimu wake wote.

Alikikata, akakipaka gundi, akakibandika ndani ya kiatu cha mteja, chini ya ile ngozi nyembamba ambayo mguu unaikanyaga. Mwenyewe hana habari. Mtu anapita mjini na suti yake, kisigino kimekalia habari za pweza kuwa na mioyo mitatu.

"Kiatu kikirudi baada ya miaka, nakifungua nakuta salamu zangu," aliniambia. "Wewe unatoa nakala za watu, mimi natoa za kwangu."

Ila hakuna kipande kilichoingia kiatuni bila kupita kwa mkewe kwanza. Shemeji yangu yule hakujua kusoma, na maneno yake yalikuwa machache ila yalichoma. Kila mchana alimletea mumewe chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, akakaa kwenye benchi la wateja, na mimi upande wa pili wa ukuta nikazima mashine nisikie.

"Kipepeo," fundi anasoma huku anatafuna, "huonja chakula kwa miguu."

"Akitua kwenye buti za yule mlinzi, amekwisha. Karatasi iko wapi?"

Shemeji anafungua kiganja cha kushoto, maana alikuwa wa mkono wa kushoto. Anaiangalia karatasi mbele, anaigeuza nyuma, kama mtu aliyerudishiwa noti asiyoiamini. Kisha anairudisha.

"Muongo wewe, na aliyeandika naye muongo."

Siku nyingine akamsomea kwamba zamani Waingereza walibadilisha kalenda, wakalala tarehe mbili Septemba wakaamka tarehe kumi na nne.

"Na mwenye mimba alihesabu vipi?"

"Hawajaandika, mama."

"Wangeandikaje? Karatasi iko wapi?"

Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hakukubali hata moja. Nadhani fundi angeumwa siku ambayo angekubali.

Na fundi mwenyewe uongo aliuogopa kama moto. Siku moja mwalimu wa sekondari alirudi na kiatu kimebanduka ndani.

"Fundi, nimesoma humu kwamba mbuni akiogopa hufukia kichwa mchangani. Si kweli. Anakiinamisha chini tu, aliye mbali ndiye anayeona kimefukiwa."

Fundi aliweka nyundo chini. Alikuwa amempenda sana mbuni yule, hata nilimtolea nakala nane kwa mkono wangu huu. Yaani jozi nane za viatu zilikuwa zinatembea na uongo. Akafunga kibanda siku nne, akaenda kuutafuta. Karani wa benki alivuliwa kiatu palepale dirishani, foleni inasubiri. Saba alivipata. Cha nane mwenyewe alihama, na kiatu kile kilimnyima raha mwaka mzima.

"Mimi nilikwambia siku ileile kwamba ni uongo," shemeji akasema.

Alipatia mara moja katika miaka ishirini na sita, na hakumwacha apumue.

Kiharusi kilimpata shemeji asubuhi, anasuuza lile bakuli. Upande wote wa kulia ulikufa, na sauti ikaenda nao. Wakamlaza hospitali, kitanda cha sita, dirishani. Wagonjwa wanaonwa saa kumi mpaka saa kumi na moja, kwa hiyo saa tisa na nusu fundi anafunga kibanda, anaweka vipande vyake kwenye mfuko wa shati, anaondoka. Nilipoweza nilimsindikiza.

"Mkono wa kushoto ni mzima, daktari kasema," aliniambia njiani. "Basi siku akinidai karatasi, nitajua bado yumo mle ndani. Sitaki kingine, ndugu yangu. Kile kiganja tu."

Akamsomea. Siku ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Twiga ana pingili saba za shingo, sawasawa na mimi na wewe. Alisoma na yale ya akiba, yale mazuri aliyoyaficha kwa ajili ya sikukuu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema amemwota twiga. Shemeji alitazama dari. Wiki ya kwanza, ya pili, ya nne. Mkono wa kushoto ulilala juu ya shuka kama kitu alichosahau mtu mwingine.

"Mtungie uongo mkubwa," nikamshauri. "Huenda akakasirika."

Aliniangalia kama nimemwambia aibe viatu vya mteja.

"Nimdanganye? Halafu akiamini?"

Wiki ya tano daktari akatuita pembeni, kwenye korido, akatuambia taratibu kwamba tujiandae. Fundi akaitikia, ndiyo, ndiyo, kama anayepewa vipimo vya soli. Kisha akaingia wodini. Mfuko wake siku hiyo ulikuwa mtupu. Wiki nzima hakufungua kibanda, magazeti angeyatoa wapi. Akamnyooshea shuka, akamfunika bega, akakaa. Nikamsikia anasema:

"Daktari amesema utapona, mama. Mwezi ujao uko nyumbani."

Kidole kimoja kikajongea. Kikafuata cha pili. Mkono ule wa kushoto ukajigeuza juu ya shuka, polepole sana, na kiganja kikafunguka.

Fundi akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa suruali, mbele, nyuma. Akanigeukia mimi, nami sikuwa na kitu.

"Nimeiacha kibandani," akamwambia. "Kesho. Kesho nakuletea, kweli kabisa."

Kiganja kilibaki wazi mpaka tukatolewa.

Nilidhani tunaenda nyumbani, kumbe yeye anaenda mlangoni kwa daktari. Alikuwa binti mdogo tu, visigino vyake vimelika upande wa nje, na fundi aliviangalia kwanza hivyo ndipo akainua macho.

"Mwanangu, niandikie kwamba atapona."

"Baba, hilo siwezi kuliandika."

"Najua. Basi niandikie chochote ambacho ni kweli."

Yule binti alikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Akaandika, akatia sahihi, akampa.

Kesho yake Jumamosi fundi alinikuta nafungua duka.

"Nitolee nakala moja. Yenyewe ni ya shemeji yako."

Nikaisoma, ndiyo tabia yetu sisi wenye mashine. Mwandiko ulisomeka, jambo nisilolitegemea kwa daktari. *Mgonjwa anasikia. Anaelewa anachoambiwa.* Basi, na sahihi.

Saa kumi alimsomea vilevile ilivyo, hakuongeza neno. Kiganja kikafunguka, akakiwekea karatasi. Akamwinulia mkono aione mbele, akamgeuzia aione nyuma. Tukasubiri airudishe. Vidole vikafumba, na hakurudisha.

Jumapili asubuhi akafariki. Muuguzi alisema walijaribu kuitoa karatasi wakati wa kumwosha, wakaona watavunja vidole, wakaiacha. Tukamzika nayo.

Fundi alirudi kazini. Magazeti anajazia viatu mpaka leo, ila hakati tena, anayafinyanga tu bila kuyafungua. Mvua ya juzi ililowesha viatu vyake mwenyewe, akavua kimoja akakianika kwenye kizingiti, na ngozi ya ndani ikainuka. Nikaiona nakala yangu ya ile karatasi ya daktari. Pale kisigino kinapokaa neno la kwanza lilikuwa limelika, hakuna kitu.

"Nitolee nyingine," akasema.

"Yenyewe iko wapi? Nitaitoa kwa hii hii, na hii imefutika."

"Toa hivyohivyo."

Nikaitoa. Akaipokea, akaenda kukaa kibandani kwake, akaisoma kwa sauti kama zamani, ameelekea benchi la wateja.

"Anasikia. Anaelewa anachoambiwa."

Nilikuwa nimezima mashine. Kisha nikasikia anafungua kopo la gundi.