Moshi Juu ya Barabara ya Lokichoggio

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, nikiwa nimeketi mbele ya redio ya mawasiliano katika ofisi ndogo kule Westlands, nikiita lori ambalo halikuitika. Niliita, nikaachia kitufe, nikasikiliza. Mngurumo tu. Nikaita tena.

Mwanangu, wakati huo nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzijuzi. Nilikuwa nikitoka hapa hapa Mutuini, na bado niliona fahari kuingia Westlands kila asubuhi nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Mwajiri wangu alikuwa Bwana Harjit, Singasinga mzaliwa wa Nairobi, mwenye malori. Malori yake yalipakiwa uani petu, yakashika Waiyaki Way kupanda Limuru, yakapita Nakuru na Kitale, yakateremka Lodwar kwenye joto na mchanga, mpaka Lokichoggio, mji wetu wa mwisho kabla ya mpaka. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na vita vya kusini mwa Sudani, na katikati ya vita hivyo kulikuwa na hospitali iliyotutegemea kwa kila kitu: dawa, unga, maharagwe, na dizeli ya jenereta ya chumba cha upasuaji.

Labda utaniuliza, kwani ndege hazikuwapo? Zilikuwapo. Lakini ndege ilibeba kidogo kwa gharama kubwa, ilihitaji ruhusa ya kuruka, na mvua ikinyesha viwanja vile vya udongo viligeuka matope. Barabara ndiyo iliyowalisha watu. Mji uliofikiwa na malori uliendelea kuwa mji: watu walilima, waliuguza wagonjwa, walifundisha watoto chini ya paa la turubai. Mji ambao malori yaliacha kuufikia ulihamwa hata kabla risasi haijapigwa. Waliokuwa wakipigana walilijua hilo kuliko sisi tuliokaa Nairobi. Kila upande ulitaka kuishika barabara ile, na ulioshindwa kuishika ulitaka ifungwe.

Msafara wetu uliongozwa na Mutua, dereva wa Machakos, mtu mzima mwenye sauti ya upole. Lori lake ndilo pekee lililokuwa na redio. Katika lori la mwisho alikuwamo Jaspal, mwana wa Bwana Harjit, kijana fundi wa injini aliyeomba mwenyewe kwenda. Mara ya mwisho Mutua aliniambia, kama alivyoniambia kila safari, "Njeri, tunavuka mpaka sasa. Tutaongea jioni." Jioni hakuongea mtu. Kulipokucha, kimya kile kile, na siku ya pili vile vile.

Basi asubuhi ya tatu, ile ya mvua, simu ya mezani ikalia. Alikuwa mtu wa ofisi nyingine ya usafiri, wenzetu waliotumia barabara hiyo hiyo. Alisema kuna rubani aliyepita juu ya barabara kulipopambazuka, akaona moshi mweusi pale mto wa msimu unapoikata barabara.

"Poleni sana, dada," akasema. "Wamechomwa. Sisi tumeshasimamisha malori yetu Kitale."

Niliweka simu chini. Bwana Harjit alikuwa katikati ya jiji, akizunguka ofisi za serikali na za ubalozi kutafuta msaada. Ofisini nilikuwa na mama yake tu. Sote tulimwita Biji, jina la heshima wanalomwita mama mzee kwao. Tangu msafara upotee aliletwa kila siku kutoka nyumbani kwao Spring Valley, akaketi kando ya dirisha na mtandio wake mweupe kichwani, maana Jaspal alikuwa mjukuu wake. Nje kwenye veranda aliketi Mama Syombua, mke wa Mutua, aliyekuja na basi kutoka Machakos na mfuko mmoja wa nguo, kana kwamba amekuja kulazwa.

Kabla sijajua nifanye nini, redio ikaamka. Ilikuwa hospitali, daktari mwenyewe.

"Njeri, unanipata? Nasikia watu wakisema kwenye redio kwamba barabara imefungwa. Kama malori yamechomwa niambie sasa hivi. Dizeli yangu inaisha. Nina wagonjwa wanaoweza kutembea na wengine wa kubebwa kwa machela. Nikiamua kuwatoa, lazima nianze leo."

Mwanangu, nilijiona ninayo haki ya kumwambia. Mtu anauliza, na mimi nina jibu. Nikakishika kitufe, machozi tayari yananitoka. Ndipo mkono wenye bangili ya chuma ukashuka juu ya wangu. Biji alikuwa ameinuka kwenye kiti chake bila mimi kumsikia.

"Unataka sema nini?" akaniuliza.

"Biji, wamechomwa. Rubani ameona."

"Ameona lori?"

"Ameona moshi."

"Mimi nauliza lori. Ameona lori inaungua? Ameona mtu?"

Hakupandisha sauti, lakini mkono hakuuondoa.

"Ndani ya hiyo lori iko mjukuu yangu," akasema. "Kama amekufa, mimi mwenyewe nitakaa chini na yule mama huko nje, tulie pamoja. Sitamficha. Lakini sitaua mtoto kwa mdomo yangu, na wewe pia hutamuua. Na hii redio inasikika na kila mtu. Ukisema barabara imefungwa, basi imefungwa. Hakuna haja askari alete bunduki. Wewe umeshafunga."

Nilikuwa nimezoea kuonywa kwa kelele, nyumbani na shuleni. Onyo lile la sauti ya chini, kutoka kwa mtu aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko mimi, liliniingia, na bado limo mpaka leo. Nilifuta machozi, nikabonyeza kitufe.

"Daktari, hatujawasikia tangu wavuke mpaka. Moshi umeonekana. Malori hayajaonekana. Zaidi ya hapo sijui. Naomba unipe mpaka jioni."

Akajibu, "Haya. Nitangoja. Lakini usinisahau."

Biji akaniambia nimtafute rubani mwenyewe. Nilimpata kwa redio kule Lokichoggio, na nilipomwuliza habari za malori yaliyochomwa akashangaa. "Nani amesema hivyo? Mimi nimesema moshi. Mawingu yalikuwa chini, sikuweza kushuka." Hebu fikiria, mwanangu. Neno lilikuwa limepita midomo michache tu, na tayari limeshachoma malori, limeua watu na kusimamisha misafara Kitale. Rubani akaahidi kwamba mawingu yakiinuka mchana atapita tena kutazama.

Mama Syombua alikuwa ameingia na kusimama mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani.

"Msichana wangu," akasema, "niambie ukweli. Mimi si mtoto."

Nikamwambia vile vile nilivyomwambia daktari, bila kupunguza wala kuongeza. Moshi umeonekana. Malori hayajaonekana. Sijui. Akavuta kiti, akaketi.

"Moshi si Mutua," akasema. "Nipe chai."

Tulingoja sisi watatu. Biji alisali kwa lugha yake kwa sauti ya kunong'ona, Mama Syombua akaimba wimbo wa kanisani kwa Kikamba, polepole, na mimi niliita kila mara, nikasikiliza. Sijawahi kuona mchana mrefu kama ule. Mara mbili nilitoka nje nikajifanya natazama mawingu, na ukweli ni kwamba nilikuwa nalia.

Mvua ilikuwa imekatika na jua linaingia dirishani redio ilipokohoa. Alikuwa rubani, naye alikuwa akicheka.

"Njeri! Nimewaona! Wako kando ya mto, wananipungia mikono kama watu wa harusi! Wanachoma tairi!"

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka Mama Syombua akipiga magoti, kisha Biji akipiga magoti kando yake, wamekumbatiana na kulia. Dakika hiyo hiyo Bwana Harjit akaingia kutoka mjini. Aliwakuta mama yake na mke wa Mutua sakafuni wakilia, akaushika mlango. Nikapiga kelele, "Wazima! Bwana Harjit, ni wazima wote!" Alikaa pale pale kizingitini na suti yake, akacheka na kulia kwa pamoja.

Habari kamili tuliipata baadaye. Mto ulikuwa umefurika. Lori la Mutua liliteleza wakati wa kuvuka, maji yakaingia mpaka kwenye redio, na lori jingine likachukuliwa na maji pamoja na unga wake wote. Jaspal alivunjika mkono akimvuta mwenzake. Kwa kuwa hawakuwa na njia ya kutuita, Mutua aliamua wachome tairi ili ndege iwaone. Moshi tuliotaka kuufanyia matanga ulikuwa ni wao wakituambia wako hai. Wafugaji wa pale waliwaonyesha kivuko kingine juu zaidi, na dizeli ikafika hospitali. Nilipomwambia daktari kwamba wanakuja, alibonyeza kitufe akasahau kukiachia, nikasikia vigelegele nyuma yake. Hakuna mgonjwa aliyetolewa kitandani. Na wenzetu wa Kitale, waliposikia, wakawasha malori yao.

Sasa mwanangu, kila mmoja wenu ana redio mfukoni, na inasikika mbali kuliko ile yangu. Nawaona kwenye kundi letu la familia: gari limepata ajali, mtu fulani amefariki, mtaa fulani umeshambuliwa, tuma upesi kabla wengine hawajatuma. Nakusihi, usimzike mtu ambaye hujamwona. Mtafute aliyeona kwa macho yake, umwulize aliona nini hasa. Kama aliona moshi, sema moshi. Usione haya kusema hujui. Kuna watu ambao uhai wao unategemea neno hilo. Na habari mbaya ikiwa kweli, usiitume kwa simu ukaenda zako. Nenda mwenyewe, ukae chini na wenye kufiwa.

Mungu akutangulie katika kila safari, mwanangu. Akuvushe kwenye maji, akuepushe na mikono ya watu wabaya. Na wanaokungoja nyumbani waisikie sauti yako kabla hawajasikia habari zako.