Hotuba ya Ubatizo Tosamaganga

Mdogo wangu Atu alinipigia simu kutoka Iringa kunieleza kwamba mwanawe wa kwanza anabatizwa, na kwamba kwa upande wetu mimi ndiye nitakayesimama kuongea. Wazazi wetu walishatangulia mbele ya haki, na mimi ndiye mkubwa. Nikamkumbusha kuwa nina kigugumizi. Akajibu kuwa anakijua, amekua nacho.

Basi nikafunga safari na wanangu wawili, Tuse wa darasa la tatu na Lusajo ambaye bado yuko chekechea.

Jumamosi asubuhi tulipandia basi Iyunga, ukungu ukiwa bado mzito. Tangu shuleni nimezoea kubana maneno. Dukani naonyesha kwa kidole. Kwenye vikao nakaa nyuma. Ndani ya basi nilianza kuirudia hotuba yangu kimoyomoyo, na humo moyoni haikukwama hata mara moja.

Tulipofika Chimala, Lusajo aliuliza kwa nini mashamba ya mpunga yamejaa maji. Nikaanza kumweleza habari za mfereji, na neno lenyewe likaninasa. Wanangu wakanitazama mdomoni, wametulia, kama watu wanaosubiri maandazi yaive. Lilipotoka, wakaendelea na maswali. Abiria wa mbele aligeuka kunikodolea macho. Mimi nilimwona; wao wala hawakuwa na habari naye.

Makambako tulipokewa na upepo wa baridi. Tukanunua mahindi ya kuchemsha, na Tuse akatangaza kwamba akikua atahamia hapo ili avae sweta kila siku.

Alasiri tukafika Iringa, shemeji akatupeleka nyumbani kwao, jirani na misheni ya Tosamaganga. Mama mkwe wa Atu aliwafundisha watoto kuamkia Kihehe, "kamwene." Hadi jua linazama Lusajo alikuwa ameshawaamkia majirani, mbuzi na kuku wote.

Jumapili baada ya misa tulikusanyika uani chini ya turubai. Wageni walipokwisha kupakuliwa pilau, nikapewa kipaza sauti. Nilitaka kuanza kwa kuwashukuru wenyeji. Neno likagoma. Nikalirudia, likagoma tena. Mgeni mmoja akamnong'oneza mwenzake, na Atu akainamisha kichwa. Nikawa natafuta kiti changu kwa macho.

Ndipo nilipowaona wanangu. Tuse alikuwa na pilau mdomoni, Lusajo ameshika paja la kuku, na wote wawili wananitazama mdomoni vilevile kama kwenye basi. Hawakunionea huruma wala aibu. Kwao, mama alikuwa anaongea tu. Kicheko kikanitoka.

"M-mnisubiri kidogo," nikasema. "Nyumbani kwangu wa-wameshazoea."

Uani wakacheka na kupiga makofi, nami nikaendelea. Nilikwama mara nyingi, lakini niliyasema yote, hata ambayo sikuyapanga, kama vile Atu alivyokuwa akila udongo utotoni. Nilipoketi, mama mkwe wake akanishika mkono.

"Umesema polepole, mwanangu," akaniambia. "Na mimi na uzee wangu nimesikia kila neno."

Jumatatu tukaanza kurudi. Tulipopita Mafinga, Lusajo alisimama juu ya kiti, akaweka ngumi mdomoni ikawa kipaza sauti, akawahutubia abiria: "Ni-ni-ninawashukuru." Zamani mtu akiniigiza hivyo nilikuwa nalia. Tuse alimvuta shati akae. Mimi nikamuuliza kwa nini ameanza na ni-ni-ni.

Akanishangaa. "Si ndivyo hotuba inavyoanza, mama?"

Nilimkumbatia nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Miaka yote hiyo nimeomba nipewe ulimi mwingine, kumbe ndani ya nyumba yangu kuna watu wawili ambao ulimi huu ndio wanaojifunzia kuongea. Nikamwambia ndiyo, huanza hivyohivyo. Akasafisha koo, akaanza upya, na safari hii nikamwitikia kwa sauti, abiria wote wakisikia.